Kupiga Randa Milima

Mchana, jua likichoma kuta za bonde,
hewa hupanda. Kila kitabu kinasema hivyo.
Usiku hushuka, baridi, polepole, hadi mtoni.
Na kompyuta yangu inasema hivyo.

Lakini kwetu, Engadini ya juu,
saa saba mchana upepo huja kinyume:
hutoka kwenye mlango wa milima pale Maloja
ukishuka na bonde, ukilaza nyasi upande usiotarajiwa,
na siku za unyevu huburura nyuma yake
wingu refu, jembamba, tunaloliita nyoka.

Mama, Mengia wa nyumba ya mwisho kabla ya ziwa,
hubana kila shuka kwa vibanio vitatu, si viwili.
Hicho cha tatu
ndicho nilichokwenda Zuriki kukitafutia mlinganyo.

Miaka miwili namba zangu zinapeperusha mashuka yake
kuelekea Maloja.
Mama akiona picha hucheka:
“Ladina, upepo wako umelewa.”

Kosa nalijua. Mashine haipendi magenge.
Ukiipa jabali lililosimama wima
hewa hujikwaa, namba hufura, hufura,
hadi hatua ya mia tisa na kumi na mbili
skrini nzima ina jibu moja.
Joto la Samedan: si namba.
Mvua ya Silvaplana: si namba.
Basi tunafanya kama maseremala. Tunapiga randa.
Mraba mmoja, kilomita kwa kilomita,
na vyote vilivyomo vinapewa kimo kimoja:
mnara wa kanisa, ng'ombe, kilele, korongo.
Milima haikutani, wanasema watu.
Kwangu hukutana. Vilele viwili huingia mraba mmoja
kikatoka kilima, butu kama kisigino.

Nami, ofisini sijamwambia mtu,
niliipenda milima hii iliyopigwa randa.
Kwa kuwa upande wa kusini wa Piz Sumbriva
mita mia tatu na sabini zimeondoka.
Ule ukuta alioukwea Duri, Agosti ile,
kwa kamba ya kijani niliyomnunulia mimi,
ndani ya mashine haupo.
Pana mteremko wa digrii kumi na tisa.
Mtoto angeushuka akila tufaha.
Kaka yangu angeteleza, labda, angechafua suruali,
angerudi jioni akilalamika viazi vimepoa.

Jumanne Reto akasema, koti bado mwilini:
“Lugano wametupa nafasi. Miraba ya mita hamsini,
na hesabu mpya isiyoogopa magenge.
Rudisha milima.”
Kama mtu asemavyo, rudisheni viti.

Nikairudisha. Meno yakaota, moja moja,
mabonde yakapata mbavu.
Sumbriva nikaiacha.
Mlima mmoja tu, nikajiambia, nani atajua?
Upepo ukaja hadi katikati ya ziwa
ukazunguka pale, ukasita,
kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.

Ni ule ukuta. Hewa ya Bregaglia ikifika juu
huuegemea ule ukuta ndipo igeuke.

Saa tano usiku nikaandika kimo chake:
elfu tatu, mia moja sitini na nne.
Kidole kilikaa juu ya kitufe kuliko ilivyohitajika.
Saa kumi alfajiri, hesabu ilipokwisha,
nyoka alikuwa amevuka mlango, anashuka bondeni,
rangi ya samawati, mishale midogo elfu.

Nilimpigia mama mchana.
“Mashuka yanaelekea wapi?”
“Chini, kama siku zote. Na ya kwako?”
“Chini.”
Akanyamaza. Upepo ukavuma ndani ya simu.
“Na Sumbriva?”
“Ipo, mama.”
Nikasikia kibanio kimoja.
Cha pili.
Kisha simu ikakatika, au aliikata.